Mvua ikianza tu picha yakatika: madishi mawili Tudor, je, ugonjwa ni mmoja?

Mwana wa Tudor – Jumapili, saa 4:20 usiku

Assalaam aleikum jamaa. Naomba msaada, maana pesa nimeshatoa na shida iko pale pale.

Twakaa Tudor, nyumba ya ghorofa moja, paa la mabati. Baba yuko kitandani huu mwaka wa 3 tangu apate kiharusi. Alikuwa karani bandarini. Sasa hivi siku yake nzima inangojea saa 1 usiku apate taarifa ya habari, na baada ya hapo tunahamia dekoda ya pili asikize taarab na mazungumzo ya Unguja mpaka usingizi umchukue. Tangu masika yaanze, mambo hayo mawili yamekuwa ya kubahatisha. Wingu likijikusanya tu, baba huanza kuuliza, "Itakatika?" Mimi sina jibu.

Juu ya paa tuna madishi mawili, yote ya sentimita 80, yana miaka 6. La kwanza latazama karibu juu kabisa, limelala mgongo. La pili limeelekea bara, upande wa Changamwe. Mvua ikinyesha picha inavunjika vipande vipande, sauti inakwaruza, halafu kinatokea kile kibao cha kusema hakuna mawimbi.

Mwezi uliopita alikuja fundi, akabadilisha LNB ya dishi la pili, yaani kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, akachukua shilingi 2,500. Siku mbili baadaye mvua ilinyesha, na ilikuwa yale yale. Nilipompigia akasema hii ni kazi ya Mungu, dishi na mvua hazipatani. Mwingine dukani akaniambia dekoda imechoka ninunue mpya. Kabla sijatoa pesa nyingine, naomba anayejua aniambie: ni mvua peke yake, au kuna kitu kimeharibika?

Mpangaji wa Bamburi – Jumapili, saa 4:55 usiku

Pole sana ndugu, Mungu ampe mzee afya. Hili ni la kila mtu. Sisi jengo zima latumia dishi moja, mvua ikija sote tunakosa, na mara nyingine picha hupotea hata tone la kwanza halijaanguka. Mimi kabla sijahamia hapa nilikuwa naifunika LNB kwa mfuko wa plastiki na kamba. Jaribu.

Bi wa Kisauni – Jumatatu, saa 12:40 asubuhi

Mwanangu, usifunike na mfuko. Kwanza mifuko yenyewe ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017. Pili, kijana wangu alifanya hivyo, maji yakaingia kwa juu yakakosa pa kutokea. Tulipofungua ile LNB ilikuwa imekaa ndani ya maji kama yai kwenye sufuria. Tukanunua nyingine.

Na mimi nina swali langu, ila nitangojea mumalize la mgonjwa kwanza.

Fundi wa Likoni – Jumatatu, saa 2:15 asubuhi

Bi wa Kisauni amesema kweli. Mdomo wa LNB ukiuzibia plastiki iliyolowa, umeongeza maji mengine kwenye njia ya mawimbi.

Mwana wa Tudor, nimefanya kazi hii miaka mingi pwani hii, na mtu akiniambia "mvua yakata picha" sipandi paa kwanza. Namuuliza maswali, kwa sababu mvua huleta magonjwa tofauti yenye homa moja. Nataka unijibu manne, na ukiweza shika daftari mvua ijayo uandike saa.

Picha ikikatika, hurudi baada ya dakika ngapi tangu mvua ipungue? Hili ndilo kubwa kuliko yote. Pili, chaneli zote hupotea pamoja au nyingine hubaki? Tatu, siku ya jua kali, fungua ukurasa wa mawimbi kwenye dekoda, soma ule mstari wa ubora, si ule wa nguvu. Nguvu yaweza kuwa juu kwa sababu ya kelele tupu. Nne, konekta iliyoko nyuma ya LNB, pale waya unapoungwa, imefunikwa na nini?

Madishi hayo mawili yajibu kila moja peke yake. Usiyachanganye. Na tafadhali usipande paa wakati wa mvua wala radi. Mabati yaliyolowa yameua watu, televisheni haijamwua mtu kwa kukosekana.

Mwana wa Tudor – Jumatano, saa 6:30 mchana

Shukran fundi. Jana alfajiri ilinyesha mvua kubwa, ikitoka baharini upande wa kwenu Likoni. Nilikaa na daftari kama ulivyosema. Nanukuu:

Dishi la kwanza (linalotazama juu). Saa 11:12 mvua ya kawaida, picha nzuri. Saa 11:20 mvua ikawa ya kishindo juu ya mabati hata hatusikizani. Saa 11:22 picha ikavunjika, ikapotea. Saa 11:31 mvua ikalegea, saa 11:33 picha ikarudi yenyewe, chaneli zote. Zile za HD ndizo zilizotangulia kupotea na ndizo zilizochelewa kurudi. Siku ya jua ubora ni 58.

Dishi la pili (la bara). Lilishikilia mpaka mvua imenyesha kama robo saa, halafu baadhi ya chaneli zikaondoka. Mvua ikaisha saa 12 kasoro. Chaneli hizo hazikurudi mpaka saa 5 asubuhi, jua limeshapiga paa vizuri. Lakini nyingine, kama nusu hivi, zilikuwa zaonekana muda wote huo bila tatizo! Siku ya jua ubora ni 71.

Konekta: nikitazama kwa chini naona tepu nyeusi ya umeme, imefunguka, ncha yake yapepea.

Fundi wa Likoni – Jumatano, saa 7:50 mchana

Daftari lako limemaliza nusu ya kazi. Una magonjwa mawili, na wale waliokuja kwako waliyaita moja. Nitaanza na la kwanza kisha jioni nitakuja na la pili, nina mteja.

Dishi la kwanza lina ugonjwa wa angani. Mawimbi ya madishi haya madogo yako kwenye bendi ya Ku, kuanzia gigahazi 10.7 hadi 12.75. Wimbi moja lina urefu wa kama sentimita 2.5. Tone kubwa la mvua lafika milimita 5 na zaidi. Ukubwa wa tone na wimbi umekaribiana vya kutosha tone kulinyonya wimbi na kulitawanya. Mvua ya milimita 50 kwa saa hula desibeli 2 na kitu kwa kila kilomita ya njia. Mvua ya milimita 100 kwa saa hula zaidi ya desibeli 5 kwa kilomita. Kila desibeli 3 zikiondoka, nguvu imebaki nusu. Na satelaiti yenyewe iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, kinachofika kwako tangu mwanzo ni kidogo mno.

Zamani za antena ya analogi, kabla hatujahamia dijitali 2015, mawimbi yakipungua ulikuwa ukiona chenga, lakini mtu wamwona na sauti waisikia. Dijitali haina hivyo. Dekoda husahihisha makosa kimya kimya, picha inabaki safi, mpaka ifike mahali haiwezi tena. Hapo huporomoka ghafla. Chaneli za HD kwa kawaida hurushwa kwa mpangilio unaohitaji mawimbi safi zaidi, ndiyo sababu zako zilitangulia.

Kwa hivyo kinachokuokoa ni akiba: ule ubora ulio nao siku ya jua, juu ya ule unaohitajika. Wewe unaanza na 58. Usilinganishe namba hiyo na ya jirani, kila dekoda ina hesabu yake. Lakini kwa dishi la sentimita 80 lililofungwa sawa, kwa dekoda za aina niliyozoea hapa, ningetarajia zaidi. Nashuku dishi limeteleza. Upepo wa kusi umeanza kuvuma tangu Aprili.

Baharia Mstaafu – Jumatano, saa 10:05 jioni

Ruhusuni mzee aingie. Haya anayosema fundi sisi tuliyaishi melini. Meli kubwa huwa na rada mbili: moja ya sentimita 3 na nyingine ya sentimita 10. Bahari ikiwa shwari, ile ya sentimita 3 ni tamu, yakuonyesha hata boya dogo. Ukiingia kwenye mvua nzito, kioo chake chajaa weupe mtupu, vyombo vyapotelea ndani ya mvua. Hapo unageukia ya sentimita 10, na mvua inakuwa kama haipo. Mvua ni ile ile, bahari ile ile. Kilichobadilika ni urefu wa wimbi.

Ndiyo sababu pia yale madishi makubwa ya zamani ya bendi ya C, yenye wimbi la kama sentimita 7, yaliyokuwa kwenye mahoteli ya Pwani, hayakuwa yakijali masika.

Fundi wa Likoni – Jumatano, saa 1:40 usiku

Ahsante mzee, mfano huo nitauchukua. Kwa nyumba ya mtu wa Tudor, lakini, dishi la C la mita 2 si jambo la kufikiria.

Sasa nimjibu mpangaji wa Bamburi kabla sijasahau. Wewe na dishi la pili la huyu ndugu nahisi mwatazama upande mmoja, satelaiti ya digrii 7 mashariki. Mombasa tuko karibu digrii 39.7 mashariki na digrii 4 kusini mwa ikweta, kwa hivyo ile iko magharibi yetu, imeinuka kama digrii 52 kutoka upeo wa macho. Mvua huku kwetu huanza kama kilomita 5 juu. Ukipiga hesabu, wimbi lako lapita ndani ya mvua inayonyesha hata kilomita 4 upande wa bara. Basi wewe uko kwenye veranda kavu, na mvua inayotoka bara imeshaziba njia. Dishi si bovu. Satelaiti ya digrii 36 nayo, ile ya dishi la kwanza, iko karibu utosini mwetu, kama digrii 84. Hiyo yaumia pale tu mvua ikiwa juu ya kichwa chako, na njia yake ndani ya mvua ni fupi. Kwa jiografia, wenye madishi yanayotazama juu hapa Mombasa tumepata bahati.

Bahati hiyo ina gharama yake, na ndipo naingia ugonjwa wa pili.

Dishi lako la pili halina shida ya angani. Mvua ya angani haikai mpaka saa 5. Picha ikirudi dakika chache baada ya mvua kulegea, ulaumu mvua. Ikirudi baada ya jua kukausha, kuna maji ndani ya kitu. Na kupotea nusu ya chaneli kwaniambia ni wapi. Chaneli hurushwa kwa mafungu mawili: mawimbi mengine hutikisika wima, mengine kwa ulalo. Dekoda huipa LNB umeme kupitia waya ule ule wa picha: volti 13 ikitaka mawimbi ya wima, volti 18 ikitaka ya ulalo. Waya ukiwa na maji ya chumvi kwenye konekta, umeme unapungua njiani. Ile 18 ikifika juu ni chini ya kama 15, LNB inadhani imeambiwa 13, inabaki kwenye wima. Chaneli zote za ulalo zinatoweka, za wima zaendelea. Ndilo lililokupata.

Ukiweka mita ya kupimia volti kwenye ncha ya waya bila LNB utasoma 18 na utadanganyika. LNB huvuta miliampia 100 hadi 200, na ni pale inapovuta ndipo konekta mbovu hujionyesha. Yule aliyebadilisha LNB aliirudisha kwenye konekta ile ile. Angetazama ncha ya waya tu.

Kwa nini konekta zetu hufa mapema? Chumvi ya bahari ni moja. Nyingine ni huko kulala kwa madishi. Picha za kwenye maboksi huonyesha dishi lililosimama, tundu la konekta linatazama chini, maji yanadondoka. Hapa kwetu dishi limelala, na LNB yenyewe sharti izungushwe: kwa satelaiti ya digrii 36 kama digrii 40 kutoka wima, kwa ya digrii 7 ni zaidi ya 80, yaani karibu robo duara nzima. Tundu linaishia kutazama pembeni, au hata juu. Mvua inaingia moja kwa moja.

Mwana wa Tudor – Jumatano, saa 2:10 usiku

Fundi, nimemsomea baba yote haya. Amesema mwambie karani wa zamani anafahamu daftari. Hajatabasamu hivi kwa muda.

Jumamosi mchana nitapanda na mpwa wangu jua likiwa kali. Nifanye nini hasa? Na je, ninunue dishi kubwa la 90 badala ya kuhangaika?

Fundi wa Likoni – Jumatano, saa 3:30 usiku

Nisalimie sana mzee.

Dishi kubwa ngojea kwanza. Kutoka 60 kwenda 90 eneo huongezeka mara 2.25, hiyo ni desibeli 3.5, faida kubwa. Kutoka 80 kwenda 90 ni desibeli 1 tu, na upepo wa kusi utalishika zaidi. Aliye na dishi la 60 na anahangaika kila masika, huyo nitamwambia anunue. Wewe tengeneza ulilo nalo.

Anza na dishi la pili. Zima dekoda, chomoa kwenye umeme wa ukutani, kwa sababu uzi mmoja wa ule wavu wa chuma ulio ndani ya ganda la waya ukigusa shaba ya katikati waweza kuiunguza dekoda. Fungua konekta ya LNB. Kata waya mpaka uone shaba inayong'aa na wavu mweupe. Ukikata sentimita 10 na bado ni nyeusi, endelea. Maji hutambaa ndani ya ganda la waya kama mafuta ndani ya utambi, nimewahi kukata mita nzima na nusu. Weka konekta mpya, ya kubana kwa koleo lake ni bora kuliko ya kuzungusha kwa mkono.

Kufunika: usitumie tepu ya umeme peke yake. Jua la hapa huyeyusha gundi yake, ndiyo yako ilipepea. Tafuta tepu ya mpira inayojishika yenyewe, waivuta mpaka irefuke, waizungusha, yageuka kitu kimoja. Anza kuzungusha kutoka chini kupanda juu, kila mzunguko ulalie uliotangulia, kama unavyoezeka makuti, ili maji yateremke juu yake yasiingie katikati. Juu ya hiyo ndiyo waweza kuweka ya umeme kuikinga na jua. Silikoni inayonuka siki usiiguse kabisa, ile asidi yake hula shaba. Kisha acha waya uning'inie kama kitanzi kabla ya kuingia LNB na kabla ya kuingia dirishani, maji yadondokee pale chini ya kitanzi yasiufuate waya mpaka ndani.

Tazama pia kifuniko cha mdomo wa LNB. Jua likikipasua, maji huingia hata kama konekta ni nzima, na nyigu hupenda kujenga humo.

Dishi la kwanza: chora alama kwa kalamu mahali lilipo sasa kabla hujalegeza chochote. Mpwa abaki chini na simu akusomee ubora. Legeza nati za juu-chini nusu mzunguko, usizidishe. Sukuma kwa unene wa ukucha, ngoja sekunde 5 dekoda isome, sukuma tena. Dishi la 80 lina uwazi wa digrii kama 2 tu, ukikosea digrii 1 umepoteza karibu nusu ya mawimbi, na siku ya jua hutajua.

Lililo muhimu kwa satelaiti ya utosini: kushoto na kulia hakuna ukali. Ukizungusha nguzo digrii 10 nzima, jicho la dishi limehama digrii 1 hivi angani. Mafundi wengi wapoteza saa nzima wakizungusha nguzo. Kazi iko juu-chini. Ukipata kilele, kaza nati moja moja kwa zamu, kwa sababu kukaza kwenyewe huvuta dishi. Mwisho legeza LNB kwenye kishikio chake, izungushe polepole, mpwa akusomee.

Mwana wa Tudor – Jumamosi, saa 11:15 jioni

Nimeshuka sasa hivi, mgongo wauma lakini moyo umetulia.

Konekta ya dishi la pili: nilipoifungua lilidondoka tone moja jeusi, rangi ya chai ya rangi iliyokaa usiku kucha. Uzi wa shaba wa katikati ulikuwa wa kijani, mwembamba kama sindano, na nilipougusa na ukucha ukakatika. Ule wavu uligeuka unga mweupe, ukaniachia vumbi mkononi. Nilikata mara 4 kabla ya kuona shaba safi, jumla kama sentimita 60. Na hiki ndicho kilichonisikitisha: LNB yenyewe ni mpya, inang'aa, ile ya shilingi 2,500. Mtu aliishika konekta hii kwa vidole vyake akaifunga tena.

Chaneli zote zimerudi, ubora 74.

Dishi la kwanza: fundi, uliona ukiwa Likoni nisichokiona mimi juu ya paa. Kwenye bano la juu-chini, washa ya bolti imeacha duara la kutu, na washa yenyewe imekaa pembeni ya duara hilo kama milimita 2. Yaani limeteleza kweli.

Fundi wa Likoni – Jumamosi, saa 12:05 jioni

Milimita 2 kwenye bano ambalo bolti iko kama sentimita 10 kutoka kwenye egemeo ni zaidi ya digrii 1. Hapo ndipo akiba yako ilikuwa imekwenda. Bolti hiyo itoe, weka ya pua isiyoshika kutu na washa ya kubana. Ubora sasa?

Mwana wa Tudor – Jumamosi, saa 12:20 jioni

Kutoka 58 mpaka 76. Bolti nimeshabadilisha, nilikuwa nayo ya boti ya mjomba.

Mwana wa Tudor – Jumatatu, saa 3:50 usiku

Jamaa, leo imetujaribu. Saa 1 kasoro dakika 10 wingu jeusi, saa 1 na dakika 4 mvua ikashuka ile ya kufunika barabara. Taarifa ya habari ikiwa imeanza. Baba akaniuliza lile swali lake. Nikamwambia, "Baba, ngoja tuone."

Saa 1:11 picha ikaganda. Saa 1:14 ikarudi. Dakika 3, wakati maji yalikuwa yakimwagika kama ndoo. Mvua iliendelea mpaka saa 2 kasoro robo na picha haikukatika tena. Tulipohamia dishi la pili, chaneli zote zilikuwepo, paa likiwa bado linatiririka. Amesikiza taarab mpaka sasa, amelala na rimoti kifuani.

Fundi, Mungu akuzidishie. Hujaniuzia kitu hata kimoja.

Bi wa Kisauni – Jumatatu, saa 4:05 usiku

Alhamdulillahi. Haya basi swali langu. Dishi letu latazama bara kama la huyu. Asubuhi kavu picha nzuri, ikinyesha hata manyunyu ya kuficha vumbi tu yakatika, na yachelewa kurudi. Konekta kijana ameshabadilisha. Kuna mwembe upande huo, tulipofunga dishi ulikuwa mdogo.

Fundi wa Likoni – Jumatatu, saa 4:25 usiku

Bi mkubwa, umejijibu. Majani makavu mawimbi hupenya kwa shida, majani yaliyolowa ni ukuta. Mwembe umekua mpaka ukaingia kwenye ile njia ya digrii 52. Simama nyuma ya dishi, tazama upande liliko, inua macho zaidi kidogo ya nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Ukiona tawi hapo, likatwe hilo tu, au dishi lihamishiwe pembe nyingine ya paa. Mwembe wenyewe usiukate kwa ajili ya televisheni.

Mwana wa Tudor, ile konekta ya kijani usiitupe. Nina vijana wawili wanajifunza kazi kwangu, nataka waishike kwa mikono yao.

Mwana wa Tudor – Jumatatu, saa 4:31 usiku

Iko kwenye kikopo cha dawa za baba, na kipande cha waya kimeshikana nayo. Alhamisi navuka na feri, nitakuletea.